Msichana Aliyekwama Dirishani

Kisumu,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mdogo wangu Mwanaisha,

Barua hii na ikukute umeketi vizuri, goti limenyooshwa juu ya kigoda kama daktari alivyokuagiza, wala si umesimama jikoni ukiamuru watu. Vipi hali yako? Vipi shemeji yangu na kikohozi chake? Mimi ni mzima. Presha imebaki pale pale ilipokuwa, macho yamepungua kidogo, na joto la Kisumu limeamua mwaka huu kutuonyesha ubaya wake wote. Mvua inakuja jioni, inapiga mabati kwa hasira, inakwenda zake ziwani, nasi tunabaki na unyevu na mbu.

Nianze na lile litakalokuudhi, ili ufike mwisho wa barua umekwisha kupoa. Desemba siji Vanga. Najua nilikuahidi, najua umekwisha kumwambia kila mtu, na pengine godoro la chumba cha uani limeshaanikwa. Naenda Nyeri, kwenye baridi, kwa watu nisiowajua, na kilichonipeleka huko ni filamu ya Wajapani.

Usicheke. Ningekuwa nimepelekwa na jambo la maana ningejisikia nafuu.

Unamkumbuka Adhiambo, binti wa mwanangu Zuhura, huyu ninayekaa naye tangu mama yake apate kazi ya uuguzi Nakuru. Yuko kidato cha tatu sasa, mrefu kama marehemu babu yake, na mdomo wake hauna likizo. Ana rafiki yake, Wanjiku, ambaye sijawahi kukuandikia habari zake kwa sababu alikuwa kama kiti cha humu ndani; mtu haandiki barua kueleza kiti. Wazazi wake ni watu wa Nyeri. Baba yake anauza vyombo vya plastiki karibu na soko la Kibuye, mabeseni, ndoo, majagi, na mtoto amezaliwa hapa hapa. Anasema Kijaluo vizuri kuliko mimi, na mimi niliolewa nacho. Tangu shule ya chekechea hawa wawili wamekula sahani moja. Sasa mama yake Wanjiku alirudi Nyeri tangu Pasaka kumuuguza mama mkwe, na baba akaamua muhula ukiisha afunge duka, amchukue na binti, wahamie huko moja kwa moja. Mtoto amebakiza mwaka mmoja amalize shule, na anaambiwa aanze upya kwa walimu wengine, katika darasa ambalo kila mtu ameshapata wa kukaa naye.

Hilo ndilo lililokuwa likiwaka chini ya sufuria, nami sikuwa na habari. Nilichoambiwa na Adhiambo ni hiki: "Dani, Jumamosi twende sinema. Ni ya wasichana. Utapenda." Dani ndiyo bibi kwa Kijaluo. Akiniita hivyo kwa sauti nyembamba najua kuna kitu nyuma yake, lakini nilidhani ni viatu.

Vijana wa chuo cha Maseno wana chama chao cha kutazama filamu za nchi za mbali. Walikuwa wamekodi ukumbi mmoja mjini, wakatundika shuka jeupe ukutani, wakapanga viti vya plastiki. Filamu ilikuwa ya Kijapani na maandishi ya Kiingereza yalipita chini ya picha. Kwa kuwa walijua wengi hawatawahi kuyasoma, wakamleta yule kijana anayesimulia filamu za vita katika kibanda kimoja cha video kule Kisian. Nadhani huko kwenu hawapo hawa. Filamu inapoonyeshwa, yeye anashika kipaza sauti anasema juu ya sauti za wenyewe, anatafsiri, anatia chumvi, anatukana maadui, anawapa wahusika majina. Watu wa hapa hawawezi kutazama filamu bila mtu kama huyo. Mimi nilipomwona amekaa mbele na chupa yake ya soda, nilitaka kuondoka. Nimelinda vitabu vya maktaba ya Maseno karibu maisha yangu yote ya kazi, na jambo moja nililolipigania huko ni ukimya.

Sasa nikueleze hiyo filamu, ili uone mambo ambayo watu wazima wanakaa chini wakayachora kwa rangi.

Kuna wasichana wawili, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Majina yao ya Kijapani sikuyashika kwa sababu msimuliaji alikwisha kuwabatiza: mrefu akamwita Mlingoti, mfupi akamwita Kadogo. Wanaishi katika mji mdogo wenye ziwa, na mjini kuna duka la miavuli mibovu, na darini mwa duka kuna kidirisha. Ukipenya kidirisha hicho unatokea juu ya mawingu, kwenye mji ambako taa zinaogelea kama samaki na wanyama waliovaa sare za shule wanakukaribisha chai. Huko hakuna anayezeeka. Kila siku baada ya masomo wasichana hawa wanapenya, wanacheza, wanarudi kabla ya chakula cha jioni. Hawaoshi chombo hata kimoja. Hawatumwi dukani. Nilingoja saa nzima nione mmoja wao ameshika ufagio.

Taabu inaanza pale Mlingoti anapozidi kuwa mrefu. Kidirisha hakikui. Mwanzo anaingia kwa kuinama, kisha kwa kulalia ubavu, kisha mabega yanakwaruzwa. Na Kadogo, ambaye kwa sababu isiyoelezwa haongezeki hata kidole, anamvuta kwa upande wa pili na kulia. Ndiyo filamu yote hiyo. Mtoto anakua, na dirisha ni dogo. Mtu yeyote mwenye mtoto na gauni la Idi ya mwaka jana anajua habari hii.

Nilichokidharau zaidi ni yule mzee mwenye duka. Amekaa chini na buli lake la chai, ana ndevu nyeupe, anajua kila kitu kinachotendeka darini mwake. Wasichana wakishuka wanalia, anatabasamu. Mlingoti akimwuliza la kufanya, anamimina chai na kutazama mvua. Vijana wa Maseno waliokaa nyuma yangu walikuwa wakinong'onezana kwamba huyo ni hekima. Mwanaisha, sisi tulipovunja ungo tulifungiwa ndani na somo yetu aliyetufunda, na yule mama, kwa ukali wake wote, alitueleza kila kitu kwa majina yake mpaka tukatamani sakafu itumeze. Tulitoka mle tumeaibika, lakini tunajua. Huyu Mjapani ana watoto wawili wanateseka juu ya kichwa chake, naye anasubiri chai ipoe.

Msimuliaji naye alikuwa akijitahidi kwa namna yake. "Cheki Mlingoti, bega imekataa. Leo ameshikwa kama panya kwa mtego. Kadogo anasema vuta tumbo. Mlingoti anasema tumbo si shida, shida ni mifupa." Mama mmoja akapiga kelele kutoka pembeni, "Apakwe mafuta!" Ukumbi wote ukaangua kicheko. Nilikuwa nikiyasoma maandishi ya Kiingereza pale chini, na kwa heshima zote kwa Wajapani, yalikuwa yakisema jambo kuhusu upepo.

Mwisho wake ni huu. Mlingoti anakwama kabisa, kichwa na mikono upande wa mawingu, miguu darini. Wameshikana vidole. Mji wa mawingu unaanza kupaa. Wanaachiana kimoja kimoja, muziki unapanda, na taa zile zinazoogelea zikawa machozi, au machozi yakawa taa, sijui. Kisha ni mwaka mwingine. Mlingoti anapita mbele ya duka amevaa sare ya shule kubwa, anainua macho darini, chozi linamtoka, na hajui kwa nini. Amemsahau. Na hilo linaonyeshwa kama zawadi, kwamba ndivyo watu wanavyokua, wanasahau kwa uzuri, na mawingu yanakuwa ya waridi.

Hapo ndipo nilipokasirika, wala si kwa mchezo. Nimeondoka kwetu nikiwa msichana, nimekaa mbali muda mrefu kuliko umri wa wengi waliokuwa ndani ya ukumbi ule. Naijua kazi ya kusahau kwa karibu. Unamkumbuka Mwanakombo wa nyumba ya pili, niliyekuwa nikisukana naye kila Alhamisi? Naukumbuka ushungi wake wa kijani, nalikumbuka kovu la kidoleni alipokatwa na mbuzi ya nazi. Sauti yake siikumbuki. Nimeitafuta, imekwenda. Ilipokwenda hapakuwa na muziki wala rangi ya waridi. Siku moja nilikuwa napanga vitabu rafuni nikataka kukumbuka alivyokuwa akinicheka, nikakuta hapana kitu. Anayelipamba jambo hilo kwa taa hajawahi kupoteza mtu, au amempoteza na anauza.

Ukumbi ulikuwa umelowa. Wasichana wa chuo wanafuta macho, Adhiambo wetu analia kwa sauti kama amefiwa. Msimuliaji alikuwa amenyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Kisha akasogeza kipaza sauti, akasema taratibu, kama anajiuliza mwenyewe: "Lakini huyu mzee mwenye duka, kwani hana nyundo? Si avunje huo ukuta."

Watu wakacheka, mmoja wa vijana wa Maseno akamwambia ameharibu. Mimi niliona ndiyo sentensi pekee yenye akili niliyoisikia mchana ule.

Tukatoka. Wanjiku hakuwa amelia. Alitembea mbele akisoma mabango ya maduka. Adhiambo akanishika mkono, akanieleza yote kwa pumzi moja: duka linafungwa, Wanjiku anaondoka, baba yake hasikii la mtu, na kwa nini nisimwombe amwache mtoto akae kwetu mpaka amalize kidato cha nne. "Ulituona sisi pale kwa dirisha, Dani, si ulituona?"

"Niliona watoto wasiotumwa dukani," nikamwambia.

"Dani, tafadhali. Wewe ni mtu mzima. Wewe atakusikiza."

Sasa ungefanya nini? Nilikuwa nimetoka kumdharau mzee wa watu kwa kunywa chai.

Nikajiandaa, na hapa ndipo nilipofanya mambo ambayo ni mtu wa kwetu tu angeyafanya, tena kwa uangalifu mkubwa. Mtu haendi kuomba jambo zito mikono mitupu, sivyo? Nikapika visheti, nikakaanga sambusa, nikapanga kwenye sinia, nikafunika kitambaa kile cheupe ulichonidarizia. Nikavaa nguo yangu nzuri, nikajifukiza. Na kwa kuwa jambo la namna hiyo linataka shahidi, nikamchukua jirani yangu Mama Apiyo, mwenyeji wa Asembo Bay, anayekaanga samaki hapo njia panda. Ni mwanamke mwema mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa.

"Mama, tunaenda arusi?" akaniuliza aliponiona.

"Tunakwenda kuzungumza na Baba Wanjiku. Wewe kaa tu, maneno niachie mimi."

Tukamkuta dukani, amekaa kati ya minara ya mabeseni. Ni mtu mwembamba, mpole, wa maneno machache. Akatupangusia viti. Nikaweka sinia juu ya ndoo zilizopinduliwa, nikaanza kama tulivyofunzwa, kwa mbali, kwa staha, bila kulitia jambo mdomoni likiwa bichi.

"Baba Wanjiku," nikasema, "tumekuja kwa jambo la heri. Mungu amekujalia ua zuri nyumbani kwako, nasi wapita njia tumeliona, na harufu yake imetufikia."

Akalitazama sinia. Akamtazama Mama Apiyo.

"Nyumba yangu si kubwa," nikaendelea, "lakini ina nafasi, na moyo wangu umemridhia binti yako. Akija kwangu hatalala njaa wala hatadhalilishwa. Nitamtunza kama damu yangu."

Kisha akauliza, kwa adabu, "Mama, wewe uko na mjukuu kijana?"

Nikaona ananijulia hali ya watu wangu, kama ilivyo ada. "Ninaye, alhamdulillahi. Yuko Nairobi."

"Ana miaka ngapi?"

"Ishirini na minne."

"Anafanya kazi?"

"Anafanya, tena nzuri. Kijana mtulivu, havuti hata sigara."

Baba Wanjiku akasimama. Mwanaisha, nimeona hasira za wanaume wa makabila mengi, lakini ile ilikuwa safi, imekunjwa vizuri kama shuka la hospitali.

"Mama, sikiza. Mimi nimekuheshimu miaka yote, nikijua wewe ni mtu ya kusoma. Huyu ni mtoto ya shule. Ako form three. Chukua hii chakula yako uende nayo pole pole, kabla sijaita watu."

Nikabaki nimefungua kinywa. Nadhani ningekuwa nimekifungua mpaka leo kama si Mama Apiyo. Alianza kucheka. Alicheka mpaka akajiegemeza kwenye mnara wa mabeseni, mnara ukaanguka, mabeseni yakabingirika mpaka barabarani, na watu wakasimama kutazama.

"Yawa, jamani, Baba Wanjiku, kaa chini," akasema akijipangusa macho. "Huyu mama hatafutii mtu bibi wa kuoa. Ndio vile wao wanaongea huko kwao, hata akitaka chumvi kwangu ananiambia habari ya bahari kwanza. Anasema hivi: mtoto abaki Kisumu, akae kwake na Adhiambo, amalize shule. Basi. Imeisha. Hakuna maua."

"Ni hivyo?" akaniuliza.

"Ni hivyo hasa," nikasema.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasema."

"Ulikuwa unasema maua."

Akakaa. Hakucheka, hakuwa mtu wa kucheka kwa jambo la binti yake, na kwa hilo nilimpenda. Tukaokota mabeseni sote watatu, na tulipomaliza akasema kilichomkaa moyoni. Kwamba mama yake anadhoofika na kila siku anauliza wajukuu. Kwamba mke wake yuko peke yake huko. Kwamba akimwacha binti hapa, watu wa Nyeri watasema ametupa mtoto kwa wageni, na watu wa Kisumu watasema vivyo hivyo. "Na mimi mwenyewe nitajiambia nini usiku?"

Nikamjibu bila maua. Nikamwambia akimtoa mtoto mwaka wa mwisho, mtoto ataishi na huo mwaka hata akiwa bibi. Nikamwambia mimi nilihamishwa kwa sababu za watu wazima, zote nzuri, na hakuna aliyeniuliza. Ndipo likanijia jambo ambalo lingepaswa kunijia kabla ya visheti.

"Yeye mwenyewe umemwuliza?"

"Nimemwambia," akasema.

"Kumwambia na kumwuliza ni mambo mawili. Mimi pia sijamwuliza. Nimeombwa na mjukuu wangu. Wanjiku hajanitamkia neno."

Alikuwa nyuma ya duka wakati wote, anafunga majagi kwa kamba. Baba yake akamwita. Akaja, akasimama, anazitazama sambusa. Alikuwa amesikia kila kitu, pamoja na habari za mjukuu wangu asiyevuta sigara, na pembe za mdomo wake zilikuwa zinamsumbua.

"Shiku," baba yake akasema, kwa jina lake la nyumbani, "wewe unataka nini?"

"Nataka kubaki nimalize," akasema. "Halafu nije nyumbani."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa umeshauza kitanda yangu."

Mwanaisha, yule mtu akainamisha kichwa kama amepigwa. Kitanda kilikuwa kimeuzwa wiki mbili kabla, kwa fundi wa baiskeli, katika kupunguza mizigo, na mtoto alikuwa analala chini juu ya godoro bila kusema neno. Kwake yeye kitanda kikishauzwa, mazungumzo yamekwisha. Na baba alidhani mtoto asiyelalamika ameridhika. Wawili hawa wangehama mpaka Nyeri kwa adabu namna hiyo, kila mmoja akimstahi mwenzake, wala pasingekuwa na mbaya hata mmoja. Ndivyo mambo yanavyoharibika katika nyumba za watu wazuri. Wajapani wangeweka muziki.

Akala sambusa moja, polepole. Kisha akatoa masharti yake, na lilikuwa moja tu. Mama yake, yule mgonjwa, lazima amwone kwa macho yake mtu atakayekaa na mjukuu wake. Simu haitoshi, picha haitoshi. Shule zikifungwa Desemba, nimlete Wanjiku mwenyewe mpaka kwao, nikae siku za kutosha kuonekana, nile chakula chao, niulizwe nitakayoulizwa. "Asipokupenda," akasema, "mtoto anabaki huko."

Nikakubali. Sikukuuliza wewe kwanza, na najua hilo litakuuma kuliko safari yenyewe. Utasema nimemchagua mtoto wa watu juu ya ndugu yangu wa tumbo moja. Nimefanya hivyo, kwa Desemba hii. Wewe na mimi tumekwisha kutenganishwa na tukavumilia, tukajifunza kuandikiana. Hili bado lilikuwa linaweza kuzuiwa. Sina hoja nyingine na sitaki kuitafuta. Shule zikifungwa tena Aprili, nikiwa hai, nakuja, na nikifika utanisema mpaka uchoke.

Nitumie doti mbili za kanga, tafadhali, za kitambaa kizuri, kwa ajili ya yule bibi wa Nyeri. Jina la hizo kanga, yale maneno ya pindoni, chagua wewe, na lisiwe la mafumbo. Nimejifunza.

Wanjiku amehamia kwetu. Baba yake alimleta Jumatatu, anatembea nyuma ya mkokoteni, na juu ya mkokoteni kuna sanduku la shule na kile kitanda. Alikuwa amekwenda kwa fundi wa baiskeli akakirudisha; kwa maneno gani, hakusema. Akakifunga mwenyewe misumari chumbani kwa Adhiambo, akakitikisa, akakilalia ajue kama kinalia, akaenda zake bila kunywa chai.

Na wale marafiki wa kufa na kupona, wale wa dirishani, walivumilia siku tatu tu. Siku ya nne wamegombana. Wanjiku anaamka alfajiri na kuwasha taa asome. Adhiambo anatumia kitana cha mwenzake na kuacha nywele. Mmoja anataka dirisha wazi, mwingine anaogopa mbu. Leo asubuhi hawasemezani kabisa, wamefua nguo bega kwa bega, kila mmoja na beseni lake la Baba Wanjiku, kimya kama watawa. Kabla sijaanza barua hii Adhiambo alikuja jikoni na uso umevimba kwa dhuluma.

"Dani, mwambie Wanjiku aache kuniwashia taa alfajiri."

"Yuko wapi?" nikamwuliza.

"Si yuko kitandani kwake."

"Basi uko karibu naye kuliko mimi. Nenda ukamwambie."

Akaenda, anaburuta ndala. Nasikia sasa wanabishana kule chumbani, kwa Kijaluo, kwa Kiswahili, kwa lugha yao ya vijana ambayo sijapewa ufunguo wake, na hakuna anayeshinda.

Nisalimie shemeji, umwambie kikohozi hakitibiwi kwa kukitukana. Msalimie shangazi yetu wa msikitini, kaka yetu mkubwa na wake zake kwa haki sawa, na yule binti yako wa mwisho anayeniandikia ujumbe wa simu bila irabu. Wakwe zangu wa hapa wanakusalimu, na Mama Apiyo anakusalimu sana. Anasema siku ukija Kisumu uniache nyumbani, utembee naye, atakuwa mkalimani wako.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukuudhi,

Mwanahamisi